Kengele ya Nilikosea

Kwa miaka kumi na minne, kila Jumatano saa nne asubuhi, Mungo Carswell alikuwa akibisha mlango wa chumba cha kufulia cha Ardlennie Rovers, mkononi ana mfuko wa karatasi wenye mikate miwili ya soseji. Mmoja wake, mwingine wa Netta Gilfillan, mfuaji wa jezi. Walikula wamekalia vikapu vilivyopinduliwa, mashine zikizunguka nyuma yao, kisha Mungo alifuta vidole, akafungua daftari na kuuliza, "Haya, Netta. Jumamosi inakuwaje?"

Netta hakupenda kuharakishwa. Alimaliza kutafuna kwanza. "Mbili bila. Tunashinda."

Mungo aliandika mbili bila. Alhamisi gazeti la mji lilitoka na picha yake akiwa amevaa kofia, juu yake maneno "Mtabiri Wetu Anasema", na chini yake mbili bila pamoja na aya sita za takwimu alizozitafuta baadaye ili kuupa utabiri miguu ya kusimamia. Jumamosi Rovers walishinda mbili bila, au karibu na hapo, na mji mzima ukamwona Mungo ni mtu wa ajabu. Hakuwa na ajabu yoyote. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata yenyewe ilikuwa mwanamke wa miaka sitini na minne aliyevaa aproni ya plastiki.

Netta naye hakuwa mganga. Alisoma nguo tu. Beki anayerudisha bukta yenye majani matakoni ni beki anayepitwa, anaanguka akijaribu kugeuka. Kiungo ambaye jezi yake haina jasho kwapani hakimbii, na kama hakimbii basi ana lake moyoni au gotini. Mshambuliaji akirudi na kola iliyovutwa mpaka uzi umekatika, ujue huyo anawasumbua watu. Ukizikusanya nguo zote za mazoezi ya Jumanne na ukakumbuka za wiki iliyopita, Jumamosi haibaki na mengi ya kuficha.

Lakini alikuwa na sheria yake. Mungo alipewa mabao. Sababu hakupewa hata siku moja. Ya chumba cha kufulia yalibaki chumba cha kufulia. Mchezaji akijua kwamba jezi yake itamsema, ataanza kuifua kwao, na hapo Netta angekuwa kama kipofu.

Halafu kulikuwa na kengele. Ilikuwa kengele ya shaba ya shule ya zamani, nzito, yenye mpini, imetundikwa ukutani kwenye kibanda cha pai. Watu wa Ardlennie wana tabia moja nzuri na moja mbaya. Nzuri ni kwamba hawaikimbii timu yao hata inapocheza kama imelazimishwa. Mbaya ni kwamba hawapendi kuambiwa ukweli juu yake. Kwa hiyo wana desturi: mtabiri akiandika kwamba Rovers watafungwa nyumbani, na Rovers wasifungwe, basi siku hiyohiyo baada ya kipenga cha mwisho lazima auzunguke uwanja akiipiga kengele hiyo, na mbele ya kila jukwaa atangaze, "Nilikosea!" Mtabiri aliyemtangulia Mungo aliizungusha mara nyingi mpaka akaomba kuhamishiwa kwenye habari za kilimo. Mungo hakuwahi kuigusa. Buibui walikuwa wamejenga ndani yake.

Netta aliridhika na mambo yalivyokuwa. Hiyo ni kweli, wala simsingizii. Lakini kila alipokwenda kununua nyama na muuza nyama akaanza, "Yule Mungo! Kichwa gani kile!", kitu fulani kilimwasha kifuani, na njiani kurudi nyumbani alijikuta akitembea haraka kuliko kawaida.

Basi wiki ya mwisho ya msimu, jicho la Mungo likafanyiwa upasuaji, na daktari akamwamuru alale kifudifudi siku saba. Mungo akampigia simu mhariri. Uchambuzi wa wiki hii, alisema, atauandika Netta Gilfillan, na jina litakaa la Netta Gilfillan. Mhariri aliuliza huyo ni nani. Mungo akamjibu kwamba ni mtu anayejua.

Na ilikuwa wiki hiyo, kati ya wiki zote. Rovers walikuwa wa tisa kati ya timu kumi. Wa kumi walikuwa Port Murrin, watani wao wa ng'ambo ya mto, nyuma yao kwa pointi mbili, na Jumamosi walikuwa wanakuja Ardlennie kucheza mechi ya mwisho. Sare ingewatosha Rovers. Wakifungwa, wangemaliza mkiani, na wa mkiani hulazimika kuitetea nafasi yake mbele ya bingwa wa ligi ndogo za chini. Akishindwa hapo anatoka kwenye ligi, na barabara ya kurudi ni ndefu. Rovers walikuwa kwenye ligi tangu babu yake Netta angali ana meno yake yote.

Jumatano asubuhi Netta alimwaga kapu sakafuni na kuanza kusoma.

Mabeki walikuwa sawa. Viungo walikuwa sawa kuliko alivyotarajia. Jezi ya kipa wa akiba, Kerr Muir, kijana wa miaka ishirini ambaye alikuwa amecheza mechi tatu tu, ilikuwa na tope kulia, kushoto, mbele na nyuma. Ungedhani walimtumia kufagilia goli. Kisha akaishika jezi ya Struan Petrie.

Struan alikuwa kipa wa Rovers kwa misimu kumi na tisa. Siku za kazi alikuwa seremala wa mapaa, jioni na Jumamosi alikuwa kipa, na sasa ana miaka thelathini na tisa na alikwisha kutangaza kwamba mechi ya Port Murrin ndiyo ya kumuaga. Netta aliinyoosha jezi yake juu ya meza. Bega la kulia lilikuwa na tope zito. Bega la kushoto lilikuwa safi. Akakumbuka kwamba ya Alhamisi iliyopita ilikuwa hivyohivyo, naye akaipuuza. Akachukua glavu, maana glavu za Struan alizifua kwa mkono tangu siku ya kwanza, akaigeuza ya kushoto nje ndani. Kwenye kidole cha pete plasta ilikuwa imegandamana, na mshono ulikuwa umepanuliwa kwa kisu. Ilinuka dawa ya kuchua.

Netta akakaa juu ya kapu. Mashine moja yenye wazimu ilikuwa ikirukaruka pale pembeni, hakuiona.

Adhuhuri alimkuta Struan kwenye mtaa wa kinu, nje ya nyumba aliyokuwa akiiezeka, anakula chakula chake ameegemea gari. Mkono wa kushoto ulikuwa mfukoni.

"Struan, mwanangu, hebu lete mkono."

"Mkono upi?"

"Huo unaoutunza."

"Baridi, mama."

"Wa kulia hausikii baridi?"

Struan akacheka, kisha akaacha. Akautoa mkono. Kidole cha pete kilikuwa cha zambarau mpaka kwenye fundo, kimevimba.

"Soseji za muuza nyama ni nyembamba kuliko hicho," Netta alisema.

"Nyundo hiyo. Wiki mbili zilizopita. Kimechubuka tu."

"Kimevunjika."

"Kimechubuka kwa nguvu."

"Baird anajua?" Baird alikuwa kocha.

"Hajui. Na hatajua." Struan aliweka mkate juu ya boneti. "Mama, sikiliza. Miaka kumi na tisa. Mama mkwe anatoka Aberdeen, na yule mwanamke hajawahi kutoka Aberdeen kwa ajili yangu hata siku ya harusi. Wanangu wamechora bango, wamemaliza rangi yote ya nyumba. Nikakae benchi kwa ajili ya kidole?"

"Na mpira ukija kushoto?"

"Utakuja kulia."

"Umewaandikia barua Port Murrin?"

Struan akaurudisha mkono mfukoni. Alikuwa mtu mkubwa, mrefu kuliko mlango wa chumba cha kufulia, lakini pale alipokuwa Netta alimwona kama siku ile ya kwanza alipomletea soksi zilizotoboka na kuomba radhi kwa kila tundu.

"Kerr bado mchanga," Struan alisema mwishowe.

"Kerr ana tope pande zote mbili."

"Ungekuwa mtu wa kumwambia Baird, ungeshamwambia. Lakini wewe husemi, mama. Wote tunajua. Wewe husemi."

"Mimi sisemi," Netta alikubali, kwa sababu ilikuwa kweli, na ukweli huo ndio aliorudi nao njia nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu angeumbuliwa mbele ya watu elfu mbili, na klabu nzima ingeumbuka pamoja naye.

Saa tisa alikuwa sebuleni kwa Mungo. Mungo alikuwa amelala kifudifudi juu ya makochi mawili yaliyounganishwa, uso ndani ya mto wenye tundu, na sauti yake ilitokea chini karibu na zulia. Juu ya meza kulikuwa na kompyuta.

"Gazeti linafungwa saa kumi na moja," lilisema zulia. "Zinasemaje? Nguo?"

Netta alivua koti, akalitundika mlangoni.

"Ni mbaya, siyo?"

"Mbaya."

"Tunafungwa?"

"Tatu kwa moja."

Mungo alishusha pumzi ndefu, vumbi likaruka. "Andika sare," alisema. "Sare haina adui. Nani atakulaumu kwa sare? Ukiandika tatu kwa moja wiki hii, watakutafuna bila chumvi. Na kengele, Netta. Wanaidai kengele miaka kumi na minne."

"Wewe ulishawahi kunibadilishia mabao?"

"Mara moja nilitaka. Ile nusu fainali ya kombe. Ulisema nne bila, wanatufunga. Nilikaa na kalamu saa nzima."

"Ukaandika nini?"

"Nne bila." Mungo alikohoa. "Niliogopa ningekuja Jumatano ukaninyima hadithi."

"Si hadithi, mzee."

"Najua si hadithi. Ndiyo maana niliogopa."

Netta akaketi mbele ya kompyuta. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ametamani, kimoyomoyo, kuliona jina lake juu ya utabiri. Alipofikiria siku hiyo, siku zote ilikuwa siku ya ushindi, na muuza nyama alikuwa akitoka nje ya duka kumpa mkono. Sasa siku imefika na alitamani kumrudishia Mungo kiti chake. Akiandika sare, atakuwa amedanganya mara ya kwanza na jina lake likiwa juu. Akiandika sababu, Port Murrin watasoma, kwa kuwa nao wana macho, na watapiga kila mpira kushoto. Akinyamaza, Struan atasimama golini na kidole kilichovunjika.

Akaandika kwa vidole viwili, akifuta zaidi ya alivyoandika:

"Jumamosi saa tisa alasiri, Ardlennie Rovers wanawakaribisha Port Murrin. Sare inatutosha. Port Murrin lazima washinde, na wanaolazimika kushinda hukimbia sana. Mabeki wetu wako vizuri kuliko walivyokuwa tangu Krismasi. Viungo wamelala usingizi mzuri. Kona zetu ni nzuri, tutafunga kwa kona. Lakini kwa kikosi ninachokitarajia, tutafungwa. Sifurahi kuandika hivyo. Nimezifua jezi hizi miaka ishirini na miwili, na hakuna hata moja niliyoifua kwa chuki. Nina neno moja tu. Kuna siku mtu anayeipenda timu yake huisaidia zaidi akiwa kando, akitazama, kuliko akiwa katikati. Anayejua, anajua. Rovers 1, Port Murrin 3. Netta Gilfillan."

Akamsomea Mungo.

"'Anayejua, anajua,'" lilisema zulia. "Ni nani huyo?"

"Wewe lala."

Alhamisi saa mbili asubuhi mji ulikuwa umekwisha kusoma. Na kama ilivyo kawaida ya mji, kila mmoja alisoma kana kwamba ameandikiwa yeye.

"Eti tukae kando!" Rhona wa kibanda cha pai alimngojea getini, mikono kiunoni. Walikuwa marafiki tangu shule. "Netta, shoga yangu, nimeagiza pai mia tisa! Nimemwambia mwokaji asilale! Wewe unawaambia watu wabaki majumbani?"

"Sikusema majumbani."

"Umesema kando. Kando ya wapi, kama si ya jiko lao?"

Muuza nyama hakumpa mkono. Alimfungia soseji zake bila kusema neno, na alipomrudishia chenji aliiweka juu ya kaunta, si kiganjani. Mzee mmoja aliyekaa na mbwa mlangoni kwa wauza magazeti alimuuliza kama kule Port Murrin wamemwahidi mashine mpya. Mumewe Netta mwenyewe, ambaye hupenda mchezo wa kuviringisha matufe nyasini na hajui kona ni nini, alirudi nyumbani akisema, "Leo wamenikatalia zamu yangu. Umefanya nini?"

Baird alipita mlangoni pa chumba cha kufulia kabla ya mazoezi ya jioni. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu.

"Nimelibandika ukutani," alisema, akionyesha kwa kidole chumba cha kubadilishia nguo. "Hilo gazeti lako. Kila mmoja alisome kabla ya kuvaa viatu. Asante, mama. Sijawahi kupata dawa ya hasira nzuri kama hiyo."

"Wote watalisoma?"

"Mpaka wanaosoma kwa shida."

Netta akarudi kwenye mashine zake. Aliwasikia wachezaji wakiingia, wakicheka, kisha vicheko vikikatika kimoja baada ya kingine. Hakutoka nje. Baada ya mazoezi kapu lililetwa limejaa, akalipekua mpaka chini kabisa, na jezi ya Struan haikuwamo. Glavu pia hazikuwamo. Alisimama na kapu tupu mikononi, akawaza kwamba ameivunja sheria yake mwenyewe bila kuivunja, na kwamba kwa ajili hiyo Struan sasa anafua nguo kwao. Hilo lilimuuma kuliko maneno ya Rhona, muuza nyama na yule mzee mwenye mbwa wote wakiwekwa pamoja.

Ijumaa hakula vizuri.

Jumamosi mvua ilinyesha asubuhi ikakata saa sita, na uwanja ukabaki umelowa jinsi anavyoupenda kila anayeteleza. Watu hawakukaa majumbani. Walikuja wengi kuliko siku yoyote ya msimu, nusu yao kwa mapenzi na nusu kumkomoa Netta. Rhona aliifuta kengele kwa kitambaa chenye siki mpaka ikang'aa, akaitundika mbele kabisa, mahali ambapo hakuna anayenunua pai angeweza kuikosa.

Saa nane na nusu Netta alikuwa akikunja mataulo, mlango ukasukumwa. Struan aliingia akiinamisha kichwa kama kawaida yake. Alikuwa amevaa koti zuri, shati jeupe na tai ya klabu. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa bendeji nyeupe mpaka kiwiko.

"Nimekuja kutazama," alisema. "Nikiwa kando."

Netta akaendelea kukunja taulo alilokwisha kulikunja.

"Nilisoma ukutani," Struan alisema. "Nikasoma tena. Nikamwambia Baird tumbo linauma, nikaenda nyumbani, nikakaa garini. Nilikukasirikia, mama, kweli. Nikasema huyu amenitoa mbele ya mji mzima. Halafu nikaona hakuna mtu hata mmoja aliyejua. Wote walidhani unawatukana wao." Akacheka kidogo. "Ulikubali mji wote ukuchukie ili niambiwe mimi peke yangu."

"Ulimwambia Baird?"

"Jana asubuhi. Nilimwonyesha kidole. Alinitukana dakika tano bila kurudia tusi, kisha akanikumbatia, kisha akanitukana tena. Hospitali wanasema kimevunjika mahali pawili." Akatoa glavu kwenye mfuko wa koti, akaziweka mezani. "Hizi hazijafuliwa. Sikujua nimpe nani mwingine."

Netta akazichukua haraka, akazitia kwenye beseni, akageuka kufungua bomba na kuliacha wazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Hakutaka aonekane analia kwa ajili ya glavu.

Mechi waliitazama pamoja, wamesimama kwenye mdomo wa njia ya wachezaji, kila mmoja na pai yake. Dakika ya ishirini Port Murrin wakafunga, mpira uliogonga goti la beki na kumpoteza Kerr. Upande wa wageni ukalipuka. Kutoka jukwaa la nyumbani mtu akapaza sauti, "Furahi basi, Netta!" na Netta akaiweka pai yake juu ya ukuta.

"Hakuwa na la kufanya pale," Struan alisema. Kisha akaweka mkono wake usioumia kando ya mdomo na kupiga ukelele uliosikika mpaka mtoni: "Kerr! Sahau! Simama hatua moja mbele!"

Kerr akasogea hatua moja mbele.

Dakika ya sitini na moja Rovers wakapata kona. Beki wa kati, yule ambaye bukta yake ilikuwa safi nyuma wiki nzima, akaruka juu ya watu watatu na kupiga kichwa. Bao. Rhona aliacha wateja wake na kukimbilia kwenye uzio na koleo la pai mkononi.

Halafu ikawa nusu saa ambayo hakuna mtu wa Ardlennie anayependa kuikumbuka, ingawa wote huisimulia. Port Murrin walikuja, wakaja, wakaja. Dakika ya themanini na tisa winga wao akaingia ndani na kupiga shuti la chini, kali, linalokwenda kwenye kona ya kushoto ya kipa. Netta aliuziba mdomo kwa mkono. Kando yake Struan aliinama kushoto kwa mwili wote, bendeji ikagonga ukuta, akagumia kwa maumivu. Na kule golini Kerr Muir alikuwa ameruka upande huohuo, mikono yote miwili mbele, akateleza topeni mpaka kwenye mlingoti, na mpira ulikuwa kifuani mwake.

"Ningeliachia hilo," Struan alisema taratibu. "Mungu wangu. Ningeliachia."

Kipenga kilipolia, uwanja ulikuwa na kelele mpaka kunguru wa mnara wa kanisa wakahama. Wachezaji walilundikana juu ya Kerr. Kocha Baird alipiga magoti katikati ya dimbwi. Na polepole, kutoka jukwaa la mbali, ukaanza wimbo wenye neno moja, ukazunguka uwanja mzima: "Kengele! Kengele! Kengele!"

Rhona alikuja nayo ameishika kwa mikono miwili, uso wote meno. "Miaka kumi na minne, shoga," alisema. "Usituangushe."

Netta akaipokea. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani. Alipiga hatua mbili tatu kwenye mstari wa pembeni, ikamyumbisha, na kabla hajaanguka mkono mmoja mkubwa ukaushika mpini pamoja naye.

"Wewe unakwenda wapi?" Netta aliuliza.

"Nami nilikosea," Struan alisema. "Nilikosea wiki mbili nzima. Twende."

Basi wakaenda. Mbele ya jukwaa la kwanza Netta alipiga kengele na kutangaza, "Nilikosea!", na watu wakacheka, wakapiga miluzi, na muuza nyama akavua kofia. Lakini waliposogea kidogo watu wakaanza kuona ni nani aliyeshika mpini pamoja naye. Kicheko kikapungua. Mmoja akasimama, kisha safu nzima, kisha jukwaa, wanapiga makofi wakiliimba jina la kipa wao. Misimu kumi na tisa. Hakudaka mpira hata mmoja siku ile, na ndiyo siku waliyomwimbia kuliko zote. Kwenye uzio wa kaskazini watoto wake walikuwa wameshika bango lenye rangi yote ya nyumba, na pembeni yao mwanamke kutoka Aberdeen alikuwa akifuta macho kwa kitambaa na kusema kwamba ni upepo. Struan alilia waziwazi, hakujificha. Netta naye alilia, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi, machozi yalijiendea yalikotaka.

Mfukoni mwa aproni simu ikatetemeka. Alijua ni Mungo, kifudifudi, redio imewekwa chini ya makochi. Angempigia baadaye.

Walipokaribia jukwaa la mwisho Struan aliinama sikioni kwake.

"Mama, niambie kweli. Kama ungejua sitadaka, ungeandika nini?"

Netta aliiwaza jezi ya Kerr, tope kulia na tope kushoto. "Sare," alisema. "Bao moja kwa moja."

Struan akasimama. "Basi hukukosea."

"Nyamaza wewe," Netta alisema. Walikuwa wamefika mbele ya jukwaa. Akavuta pumzi, akaipiga kengele kwa nguvu zake zote, na akapaza sauti kuliko mara zote zilizotangulia:

"Nilikosea!"